Kila Siku Baba Alisema Supu Ni Tamu

Supu niliyompikia baba yangu bila punje ya wali, bila unga, bila sukari hata ya kulamba, ndiyo iliyompandisha sukari mpaka mashine ikagoma kutoa namba.

Sitanii.

Kila siku nilijiambia, "Azon, vumilia, utaona mabadiliko." Kweli niliyaona. Yalikuwa yanapanda juu.

Ngoja nianze mwanzo, maana hii hadithi nikiikumbuka mpaka leo napandwa na hasira.

Naitwa Azon. Kwetu ni Bulan, huku Bicol, Ufilipino, ambako mtoto anaonja pilipili kabla hajamaliza kuota meno na kila kinachopikika kinapikwa kwa tui. Nilikuwa Manila. Mama alipofariki nikaacha kazi nikarudi nyumbani, kwa sababu baba alibaki peke yake. Baba yangu ni fundi wa injini za boti. Anaweza kuifungua injini nzima na kuirudisha huku anapiga mluzi, lakini kuchemsha yai hawezi.

Kidonda kilianza kama utani. Chuma cha injini kilimdondokea kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto.

"Kitu kidogo hiki," akasema.

Kitu kidogo hakikufunga. Kikaanza kutoa maji, kikabadilika rangi, kikaanza kunuka. Nikamburuta mpaka kwa Daktari Golpeo, mama mmoja ambaye sijawahi kumwona akicheka.

"Manoy," Daktari akamwambia, kwa heshima, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, "unakula wali mara ngapi kwa siku?"

"Mara tatu, Daktari."

"Na katikati hapo unakula nini?"

"Vitafunio tu."

"Vitafunio vya nini?"

Baba akatazama dari. "Vya mchele."

Daktari akavua miwani. Akasema sukari ya baba imepita kiasi, na kidonda cha mtu wa namna hiyo hakifungi. Akatupa muda mpaka mwisho wa mwezi. Sukari ikishuka, kidole kinabaki. Isiposhuka, kidole kinakatwa.

"Na tukishaanza kukata," akasema, "mimi siwezi kukuahidi tutaishia wapi."

Tulipofika mlangoni baba akanishika mkono, akaniambia nisimwambie mtu yeyote mtaani. Watasema fundi Badong amekwisha.

Nikakubali. Lile lilikuwa kosa, ila nilikuwa sijui.

Sasa, kumnyima wali mzee wa Bicol si kazi ndogo. Wali kwetu siyo chakula, ni ukoo. Nikakaa nikawaza: nitampikia kitu gani kitakachomshibisha, kimchome ulimi, kimsahaulishe wali?

Nikapata. Supu ya tui ya vitu vya baharini, ile aliyokuwa akiipika mama, ila mimi nitauondoa wali wa pembeni na nitaijaza papai bichi badala yake.

Basi kila alfajiri nilikuwa bandarini. Nanunua ngisi wadogo, kamba, na kaa jike. Narudi, nakalia mbuzi, nakuna nazi. Tui zito naliweka kando. Tui jepesi linakwenda chunguni na papai bichi, tangawizi, mchaichai, vitunguu, saumu na kijiko cha kamba waliochachushwa, ambao bila wao hiyo si supu ni maji ya kunawa.

Kaa anatangulia. Kamba wanafuata. Ngisi wa mwisho kabisa, kwa sababu ukimchelewesha chunguni anakuwa kandambili. Hapo ndipo namimina tui zito, nakoroga bila kupumzika ili lisikatike, halafu majani ya mlonge na pilipili kichaa za kutosha kumtoa mtu machozi.

Jamani, ile supu ilikuwa tamu. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu?

Nilikuwa napika chungu kikubwa ili baba ale asubuhi, mchana na akitaka kuongeza aongeze. Mimi naondoka kwenda kazini, kwenye duka la dawa, ambako nauza mashine zilezile za kupima sukari. Mchele nimeufungia kabatini. Ufunguo nautembeza shingoni na msalaba wangu.

Jioni ya kwanza nikarudi. Chungu kitupu.

"Baba! Yote?"

"Tamu, mwanangu," akasema, akishika tumbo. "Nimelamba mpaka mwiko."

Nikafurahi mpaka nikaimba. Jioni nikampa samaki wa kuchoma na mboga za majani, akala kidogo, akasema ameshiba supu.

Kesho yake chungu kitupu. Keshokutwa, kitupu.

"Tamu, mwanangu. Mama yako angekuwepo angekuonea wivu."

Nikamtoboa kidole, nikapima.

Sukari imepanda.

Nikasema ni mapema. Mwili unahitaji muda. Nikapika tena, nikapima tena, ikapanda tena. Kidonda nacho kikawa kinapanuka, taratibu, kama doa la mafuta kwenye nguo.

Hapo ndipo nilipoanza kuishuku supu.

Nikatoa papai. Ikapanda. Nikapunguza vitunguu, maana nilisikia navyo vina sukari yake. Ikapanda. Nikaenda kumgombeza muuza nazi sokoni.

"Nazi zako unazitia nini?"

"Dada, hii ni nazi. Siyo soda."

Watu wakacheka. Nikaondoka na nazi zangu huku masikio yanawaka.

Siku mashine ilipogoma kutoa namba, nikampigia Daktari simu.

"Anakula nini kingine?" akaniuliza.

"Hakuna kingine, Daktari! Mchele nimeufungia, ufunguo ninao mimi."

"Azon, sukari haianguki kutoka mbinguni."

Akakata simu. Nikasimama katikati ya duka la dawa, wateja wananitazama, natamani kupiga kelele. Yaani naamka kabla ya majogoo, mikono inanuka ngisi mpaka kanisani, vidole vimechubuka kwa mbuzi, halafu naambiwa kana kwamba mimi ndiye ninayemlisha baba sumu.

Usiku nikimfunga kidonda nilikuwa navuta bandeji kwa hasira. Baba anatazama pembeni tu.

Halafu ikafika ile asubuhi.

Nilichelewa kuamka. Nikapika mbiombio. Nilipofika kazini ndipo nikakumbuka: sikutia chumvi. Pilipili nazo nimeziacha mezani, nzima, zinanitazama. Nikasikitika. Nikasema leo mzee atanisema, na haki yake.

Jioni nikaingia kwa aibu.

"Baba, supu ya leo..."

"Tamu, mwanangu! Kama kawaida. Pilipili zako leo zimenitoa jasho."

Nikamtazama.

Akajifuta paji la uso. Halikuwa na jasho lolote.

Nikatoka nje kuanua nguo. Nikasema labda sukari imefika kwenye ulimi, labda haonji tena. Nikaanza kulia palepale kwenye kamba ya nguo.

Ndipo Tiya Salud akachungulia juu ya uzio. Tiya ni shangazi, ingawa si ndugu yetu. Ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane, mikono yake haina mpinzani kwa wali wa kunata.

"Azon, mwanangu," akasema, "leo uligombana na chumvi?"

"Chumvi gani, Tiya?"

"Ya supu. Imepooza hivyo, mpaka nikasema huyu mtoto..."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Halafu akageuka na kuanza kuita kuku, "kuru kuru kuru," na Tiya Salud hajawahi kufuga kuku maisha yake yote.

Nikabaki na shati la baba mkononi.

Machozi yakakauka, hasira ikaingia.

Kesho yake nikapika kama kawaida. Nikaaga kama kawaida. Nikazunguka, nikarudi kupitia uchochoro wa nyuma, nikajibanza kwenye migomba.

Kwanza nikamwona baba, yule mgonjwa wa mguu asiyeweza kusimama nikimwomba anisogezee ndoo. Anachechemea na bakuli langu la maua mkononi, limejaa supu, analipitisha juu ya uzio. Anarudi, anachukua jingine. Hilo la nyumba ya kona. Jingine la mke wa Kulas, muuza barafu. Chungu changu kinagawanywa kama sadaka.

Sawa. Nikasema labda ni ukarimu.

Haukupita muda mabakuli yakaanza kurudi.

Na hayakurudi matupu.

Kwetu bakuli la mwenzio halirudishwi tupu, ni aibu ya kutajwa mpaka kwa wajukuu. Ukipewa, unarudisha na kitu. Na watu wa Bulan wakiwaza kitu, wanawaza mchele.

La kwanza likaja na keki ya mchele, juu imepakwa siagi na sukari. La pili likaja na wali wa kunata uliopikwa kwa tui na sukari guru, umekatwa vipande vinavyong'aa. La Tiya Salud ndilo lililonimaliza: suman, ule wali wa kunata unaofungwa kwenye jani la mgomba, fungu zima.

Baba akaketi mezani, kwenye baraza ya nyuma. Akafungua kifungo cha juu cha shati. Akafungua jani la kwanza polepole, kama mtu anayefungua zawadi.

Nikatoka kwenye migomba.

"TAMU, BABA?"

Suman ikamkaa kooni. Nikampiga mgongoni, na sitadanganya, nilimpiga kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika.

"Azon... mbona mapema..."

"Supu yangu iko wapi?"

"Imekwisha."

"Umeila?"

Akafuta mdomo kwa kiganja.

"Baba, tangu nianze kupika, umekula mabakuli mangapi ya ile supu?"

Akatazama meza. "Niliionja. Ile siku ya kwanza."

Jamani. Nikakaa chini sakafuni.

"Unataka kufa?" nikamuuliza. "Niambie tu. Kama unataka kufa niache kununua kaa, kaa ni ghali."

"Sitaki kufa."

"Basi unataka nini? Wali? Wali ni mtamu kuliko mguu wako?"

"Siyo wali!"

Alipandisha sauti. Baba hapandishi sauti. Akaanza kukunja lile jani la mgomba, analikunjua, analikunja tena.

"Mama yako alipokuwepo," akasema, "huu mlango haukufungwa. Bakuli linatoka, bakuli linaingia. Mtu akileta bakuli anakaa, anapiga soga, anacheka. Mama yako akaondoka. Mimi nitampa nani nini? Nitawapelekea bakuli la mafuta ya injini? Wakaacha kuja. Siwalaumu. Nani aende kwa mtu ambaye hana cha kutoa?"

Nikautazama ule mlango.

"Wewe unatoka asubuhi unarudi jioni. Mimi nazungumza na redio. Siku ile umepika, nikanusa, nikasema Badong, sasa una kitu cha kupeleka. Nikampelekea Salud. Akarudisha bakuli mwenyewe, kwa mikono yake, akakaa hapo kwenye kiti. Tukacheka, Azon. Ameniletea suman, nitamwambia siili? Nitamwambia kwa nini?"

"Ungemwambia una sukari!"

"Badong ana sukari?" ikauliza sauti mlangoni.

Tiya Salud. Amesimama na sahani ya mapande mengine ya wali wa kunata, kwa sababu eti fungu la kwanza aliliona dogo.

Hapo kila mtu akamtazama mwenzake.

"Manoy," akasema polepole, "una sukari?"

Baba akainamisha kichwa.

Tiya Salud akaketi. Akaweka sahani chini kama iliyokuwa inamchoma. "Mungu wangu. Mbona hukusema? Mimi mwenyewe ninayo!"

"Wewe?"

"Mwaka wa pili huu! Daktari amenikataza mchele wote. Sikumwambia mtu, watasema Salud mpishi wa suman amekatazwa suman, nitachekwa mpaka sokoni. Ila bakuli nitalirudisha tupu? Nikawa napika, naonja kwa pua, nakuletea wewe. Nikasema Manoy mzima wa afya, tazama anavyokula!"

"Ungesema!"

"Na wewe ungesema!"

Wakaanza kugombana pale, wazee wawili wenye sukari, kila mmoja anamlaumu mwenzake kwa kuficha siri.

Mimi nilikuwa na swali moja tu.

"Tiya," nikasema, "sukari yako sasa iko vipi?"

Akatabasamu. Tabasamu la mtu asiyejua anakanyaga wapi.

"Mwanangu, hata daktari ameshangaa! Imeshuka. Mchana nilikuwa nakula supu yako, jioni namalizia iliyobaki, wali siutamani. Wiki hii amenipunguzia dawa!"

Nimeamka alfajiri wiki kwa wiki. Nimekuna nazi mpaka ngozi ikatoka. Nimegombana na muuza nazi wa watu. Na nimemponya jirani.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kurusha chungu juu ya paa. Nikaishia kuingia chumbani na kubamiza mlango.

Tulijaribu. Siku zilizobaki mpaka mwisho wa mwezi nilimkalia baba kooni, nikaomba ruhusa kazini. Sukari ikaanza kushuka, lakini kidonda hakikutungoja. Daktari Golpeo alikitazama mara moja tu.

Kidole kikakatwa.

Baba alipozinduka wodini, kitu cha kwanza alichoniambia ni, "Samahani, mwanangu." Nilikuwa na hasira bado, na nilikuwa nampenda. Nilimfunika shuka tu.

Mchana watu wakaanza kuja. Habari ilishafika mtaa mzima, siri ilishakufa. Mke wa Kulas akaja na keki ya mchele.

"Ya mgonjwa," akasema.

"Mgonjwa wa sukari," nikasema.

"Ndiyo maana nimeweka sukari kidogo."

Nikahesabu pumzi zangu. Nikaichukua nikawapa wauguzi. Wa nyumba ya kona akaleta uji wa mchele mtamu. Wauguzi wakaanza kunipenda.

Mwisho akaingia Tiya Salud, amefunika kitu kwa kitambaa. Nikasimama.

"Tiya, nakuheshimu, lakini kama hiyo ni suman..."

"Kaa chini," akaniambia.

Akafunua. Ni bakuli langu la maua, lile alilobebea suman zake kurudi nazo siku ile ya vurugu. Ndani yake mvuke wa tui, kaa, ngisi, majani ya mlonge. Supu yangu. Kaipika yeye.

"Bakuli halirudi tupu," akasema. "Na hili nimeona nilirudishe na kilichokuwemo."

"Nani alikufundisha?"

"Nimeila wiki zote zile. Ulimi wangu ulikuwa shuleni."

Halafu akatoa bakuli la pili kwenye kikapu, lake. Akavuta kiti mpaka ubavuni mwa kitanda, akampa baba kijiko, akachukua chake. "Tule, Manoy. Mimi siondoki mpaka nione chini ya bakuli."

Baba akachota. Akameza. Macho yakamtoka, uso ukawa mwekundu, akakohoa.

"Pilipili zimezidi!" akasema. "Na huyu ngisi mgumu! Nani amepika hivi?"

Nikaangua kicheko mpaka nesi akaja kuchungulia. Nikacheka huku machozi yananitoka, kwa sababu lile lilikuwa neno la kwanza la kweli ambalo baba amewahi kusema kuhusu ile supu.

Sasa kwetu bakuli halitoki tena. Nimepiga marufuku. Bakuli likitoka litarudi na mchele, hiyo ni mila, siwezi kupigana nayo. Badala yake watu ndio wanaingia. Mchana naacha chungu mezani na Tiya Salud anakuja na kijiko chake. Mke wa Kulas naye. Wanakaa, wanawasema watu, wanacheka. Mtu aliyekula mezani kwako hana bakuli la kurudisha.

Baba ana vidole tisa na mguu wake wote. Sukari inasomeka kwenye mashine.

Na analalamika. Kila siku iendayo kwa Mungu. Mara chumvi, mara tangawizi, mara mama yako alikuwa anakata mchaichai mrefu zaidi. Jana kaniambia tui limekatika, nami najua halikukatika.

Namjibu kwa ukali, kama kawaida yangu. Lakini moyoni natulia.

Funzo langu ni hili, wenzangu mnaouguza. Mgonjwa akisifia chakula chako kila siku bila kosa hata moja, usiimbe kama nilivyoimba mimi. Vuta kiti, kaa naye, kula naye mpaka mwisho. Mtu halalamikii chakula ambacho hajakila.